Magunia ya pareto, pumu yangu, na damu niliyoibeba kwenye kopo kutoka Mbeya hadi Iringa

Wakuu, wale mnaonizidi umri nawaamkia shikamoo, ingawa nina wasiwasi kama mpo humu. Waliobaki wote, marahaba.

Niko mwishoni mwa miaka ya themanini. Macho bado yanaona na simu naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya msinicheke.

Haya ninayoandika yalinipata mimi, kwenye mwili wangu. Sikusimuliwa na mtu, na sina sababu ya kuwadanganya kwa umri huu.

Kilichonileta ni hiki. Juzi kuna kijana humu kaweka uzi analalamika. Ana pumu, kaenda hospitali, daktari kamwambia apime damu waangalie kitu kinaitwa eosinofili. Yeye anaona anapigwa tu, eti pumu iko kifuani, damu inaingiaje hapo. Na wachangiaji wengi mkamuunga mkono.

Nilicheka peke yangu hapa barazani.

Maana mimi damu yangu ilitazamwa kwa kitu hicho hicho, Iringa, miaka ya hamsini, Uhuru hatujaupata. Bila kipimo kile nisingeolewa, na nadhani nisingeishi.

Kaeni vizuri niwaeleze.

Jina langu Zuhura. Nimezaliwa Iringa mjini, Miyomboni. Baba yangu, Mzee Feruzi, asili yake Kilwa, babu yake ndiye aliyepanda huku juu na biashara akalowea. Mama yangu Mhehe wa Kalenga. Nyumbani Kiswahili kilikuwa cha dukani na barazani, jikoni tulikuwa tunaongea Kihehe.

Baba alikuwa na duka dogo. Chumvi, sabuni, mafuta ya taa, kaniki. Duka la kulisha watoto, basi.

Halafu ikaja pareto.

Kwa vijana msioijua, pareto ni maua meupe yenye kiini cha njano, yanapenda baridi ya milimani. Yanachumwa, yanakaushwa, yanapelekwa viwandani kutengeneza dawa ya wadudu. Huko Dabaga watu wengi walianza kuilima. Baba akapata kazi ya kuwakusanyia wakulima wadogo maua makavu. Wao wanaleta magunia kwetu, yanakaa stoo, lori linakuja kuyachukua.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipoanza kuinuka. Tukaezeka bati. Mama akapata kanga za kubadilisha. Watu wakaanza kumwita baba Mzee Pareto, na yeye jina hilo alilipenda, msione nasema hivi mkadhani namsengenya. Alikuwa anatembea kifua mbele.

Stoo ilipakana na chumba tulicholala mimi na wadogo zangu wawili wa kike. Ukuta wa matofali mabichi, na haukufika juu kwenye bati. Harufu ya maua ilikuwa inapita pale kama imeitwa. Gunia likitupwa upande wa pili, vumbi linatua kwenye shuka zetu.

Na siyo hivyo tu. Ule unga unaobaki sakafuni mama alikuwa anauzoa na kuunyunyizia vitanda. Kunguni hawakai. Majirani walikuwa wanakuja kuuomba kwenye vikopo. Kitanda changu ndicho kilichopata mwingi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalalamika kunguni.

Sasa mimi nilikuwa na miaka kama kumi na saba, nimeshaacha shule, nipo nyumbani nasaidia. Kifua kikaanza.

Mwanzo ni kikohozi tu cha asubuhi. Baadaye nikawa nikiinama kufagia, nahisi mtu kanifunga mkanda kifuani na anaukaza. Hewa kuingia inaingia, kutoka ndiyo kazi. Kifua kinalia kama filimbi iliyopasuka. Wadogo zangu walikuwa wanalala wamenipa mgongo kwa sababu ya ule mlio.

Wenye pumu humu wananielewa. Wengine shukuruni Mungu na mpite.

Mtaani hawakusema pumu. Walisema kifua kikuu.

Enzi zile ukishapewa jina hilo, umekwisha. Kikombe chako kinatengwa, sahani yako inatengwa, rafiki zako wanakusalimia wakiwa ng'ambo ya barabara. Mama alinitengea kikombe cha bati cha kijani. Alikuwa analia wakati ananikabidhi, lakini alikitenga. Simlaumu. Alikuwa na watoto wengine.

Na kibaya zaidi, nilikuwa nimeshaposwa.

Kijana mwenyewe anaitwa Idrisa, fundi cherehani, yuko Mbeya, anashonea barazani kwenye duka la Mhindi mmoja pale mjini. Familia zetu zinajuana. Shangazi yangu Mwanahawa, dada yake baba, aliolewa Mbeya na ndiye aliyeunganisha. Mambo yalikuwa yamefika pazuri. Kisha mama yake mdogo Idrisa akaja Iringa kututembelea, akalala kwetu, akanisikia ninavyokohoa.

Aliondoka bila kuaga vizuri. Baadaye ujumbe ukaja kwa mdomo wa dereva wa lori kwamba upande wa Mbeya wanaomba tusubiri kwanza. Mnaelewa maana ya kusubiri kwanza.

Tulijaribu kila kitu. Sheikh mmoja mtaani aliniandikia kombe, nikanywa. Bibi yangu mzaa mama akaja toka Kalenga na mizizi yake, nikanywa pia, michungu ajabu. Mizizi haikunidhuru. Kilichotaka kuniua ni kufukizwa. Waliweka majani kwenye mkaa, wakanifunika blanketi, moshi ukanijaa. Nilipofunuliwa midomo imebadilika rangi, siwezi kusema hata neno moja.

Baba alifunga duka saa hiyo hiyo. Wakanilaza kwenye mkokoteni wa jirani aliyekuwa anauza kuni, baba mwenyewe akausukuma hadi hospitali. Mzee Pareto, na kanzu yake, anasukuma mkokoteni wa kuni katikati ya soko. Hakumtazama mtu.

Hospitali tulimkuta daktari Mzungu, mtu mkimya, na msaidizi wake wa maabara, Mnyakyusa, jina lake Bwana Andulile. Huyu Andulile ndiye aliyekuwa anaongea na sisi, kwa sababu Kiswahili cha daktari kilikuwa cha kuhesabia tu.

Daktari aliweka vifaa vyake kifuani, akasikiliza, akasema jambo. Andulile akanichoma kidole haraka, akapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo. Kisha ndiyo wakanipiga sindano.

Baadaye nilikuja kumuuliza kwa nini alianza na damu wakati mtu anakata roho. Akaniambia sindano ile ya kufungua kifua inazipunguza zile chembe anazozitafuta, ukichelewa unapata jibu la uongo.

Wakuu, ile sindano. Ilikuwa kama mtu kaondoa jiwe mlangoni. Nilivuta hewa nikalia, siyo kwa maumivu, kwa utamu wake.

Makohozi yangu yalipimwa zaidi ya mara moja. Hawakuona kifua kikuu.

Halafu Andulile akatuita, mimi na baba, akatueleza kuhusu damu. Nitawaambia alivyosema yeye, kwa sababu mpaka leo sijasikia aliyeeleza vizuri zaidi. Alisema damu ina chembe nyekundu na chembe nyeupe. Zile nyeupe ni askari, na askari wana vikosi mbalimbali. Kuna kikosi kimoja ukiweka rangi ya maabara, chenyewe kinainywa ile nyekundu, kinajaa punje punje zinazong'aa kama mbegu za ulezi. Kwa mtu mzima wa afya askari hao ni wachache, unawatafuta. Kwangu walikuwa wamejaa.

Wanajaa wakati gani? Alisema mara nyingi kwa mambo mawili. Minyoo, au njia za hewa zimechokozwa na kitu mpaka zimevimba kwa ndani.

Na huku kwetu, akasema, nani hana minyoo? Kwa hiyo hatuwezi kurukia pumu. Kwanza nikapewa dawa ya minyoo, niende nyumbani, nirudi damu itazamwe tena.

Hapo pakawa na kisa kingine.

Mnaokumbuka hadithi za mumiani mtaelewa. Watu waliamini hospitali na magari ya zimamoto wanachukua damu za watu wakafanyie dawa. Sasa mimi nimetolewa damu mara moja, naambiwa nirudi kutolewa tena. Jirani mmoja akaja kumwambia mama kwamba mtoto anauzwa kidogo kidogo. Bibi akakaa mlangoni, akasema kwa Kihehe kwamba siendi popote.

Baba siku hiyo alikuwa amesafiri Dabaga kwa ajili ya magunia. Mama alibabaika.

Nilimwamkia bibi, nikapiga magoti, nikamwambia damu yenyewe ni tone la kidole, mwiba wa porini unatoa zaidi. Nikamwambia mimi ndiye ninayekosa hewa, siyo jirani. Bibi alinitazama sana. Kisha akasogeza miguu nikapita. Sikuwahi kumkatalia mkubwa kabla ya siku ile, na sikujutia.

Jibu la pili likatoka. Minyoo imeondoka, askari wapo vile vile.

Daktari akasema ni pumu, na kuna kitu ninachovuta kinachonichokoza. Akauliza tunaishi wapi, tunapikia nini, tuna mifugo gani. Baba alijibu yote kwa heshima. Stoo hakuitaja. Hakuficha, jamani, haikumjia tu kichwani. Nani angefikiri kwamba maua yanayokupa bati ndiyo yanayokuchukulia mtoto?

Ushauri ukawa nibadilishe hewa. Baba akasema yupo shangazi yangu Mbeya. Daktari akafikiri, kisha akasema jambo kupitia kwa Andulile: nikiwa huko na nikijisikia nafuu, niende hospitali ya Mbeya, wanipake damu kwenye kioo, nikilete kioo chenyewe Iringa. Alitaka kukilinganisha na kile cha hapa kwa macho yake mwenyewe.

Nikapanda lori la chumvi, Sao Hill, Makambako, Chimala, mpaka Mbeya.

Wanaoijua Mbeya wanajua baridi yake. Nilifika nikidhani ile baridi itanimaliza. Nyumba ya Shangazi Mwanahawa ilikuwa inatazamana na mlima Loleza, asubuhi ukungu unashuka mpaka uani. Nikangoja kifua kibane.

Hakikubana.

Siku zikapita, filimbi ikapungua, ikapotea. Nikaanza kuchota maji. Nikaanza kutwanga. Siku moja mbuzi wa shangazi alikata kamba, nikamkimbiza mpaka bondeni na kumrudisha, ndipo nikakumbuka kwamba nimekimbia. Nilikaa chini nikacheka na yule mbuzi.

Idrisa alikuja kumsalimia shangazi. Ilikuwa kisingizio, na shangazi alijua, kwa sababu aliondoka kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwepo jikoni. Idrisa alikaa mwisho wa mkeka, mikono magotini. Hakuzunguka.

Akasema, "Wanasema una kifua kikuu."

Nikasema, "Wanasema."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nasubiri kipimo."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei ya haki. Akaongea mambo mengine kidogo, akaaga. Wakuu, mtu wa kwanza kuniuliza mimi mwenyewe alikuwa yule.

Wakati wa kurudi ulipofika nikaenda hospitali ya Mbeya, nikachomwa kidole, damu ikapakwa kwenye kioo, ikakaushwa. Wakakizungushia pamba, nikakitia kwenye kopo tupu la sigara la mume wa shangazi.

Kwenye lori nilikaa juu na abiria wengine, kopo mapajani, nimelishika kwa mikono miwili. Utingo akaniuliza nimebeba nini cha thamani hivyo. Nikamjibu ukweli, damu. Tangu hapo mpaka Makambako nilikaa kwa nafasi, hakuna aliyenisogelea.

Njia nzima kifua kilikuwa safi. Tulikula vumbi la barabara, na bado kifua safi. Hilo nililiweka akilini.

Nilifika nyumbani mchana. Nikakuta lori la pareto limeegeshwa, wapagazi wanatoa magunia stoo na kuyarusha juu. Vumbi la maua limetanda mpaka barazani. Mama akanikumbatia, wadogo zangu wakanivamia, tukaingia ndani. Sikumaliza hata chai. Mkanda ule ukarudi, ukakazwa.

Lakini safari hii niliutazama tofauti. Nilikuwa nashindwa kupumua na huku kichwa kinasema: nimekujua.

Nilikwenda dukani kwa baba nikishika ukuta. Nikamwambia, "Baba, ni maua."

Akaniambia nikae chini nipumzike. Nikarudia. Akakasirika kidogo, akasema pareto inaua kunguni, haiui watu, na kama ingekuwa sumu wapagazi wote wangekuwa makaburini. Nikamwambia sisemi ni sumu kwa wote, nasema ni kwangu. Akaendelea kupanga sabuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kesho yake asubuhi tulikwenda hospitali pamoja, mimi na kopo langu. Andulile akanichoma kidole kabla ya dawa, kama kawaida yake. Nikamweleza yote: Mbeya, mbuzi, vumbi la njiani, magunia. Akamwita daktari. Daktari alisikiliza, akamtazama baba, akasema tusiseme sana, tutazame.

Akaviweka vioo viwili mezani. Cha Mbeya na cha asubuhi ile. Akatazama yeye kwanza, kimoja, kisha kingine. Kisha akasimama, akamwashiria baba akae kwenye kiti chake.

Baba yangu hakuwahi kuona hadubini. Andulile akamwonyesha jinsi ya kuweka jicho na jinsi ya kusogeza kioo taratibu. Akaanza na cha Mbeya. Chembe zilikuwepo, lakini wale wenye punje nyekundu, alikuwa anasogeza na kusogeza ndipo anampata mmoja. Akaenda kwenye cha Iringa.

Huko hakuhitaji kutafuta. Kila alipogusa, wapo.

Alirudi kwenye cha Mbeya bila kuambiwa. Akarudi tena cha Iringa. Tulisimama tu tukimtazama mgongo.

Mwishowe akauliza, "Na hizi zote ni za Zuhura?"

Andulile akasema ni zangu zote.

"Hamkuchanganya?"

"Mzee Feruzi," Andulile akasema, kwa upole kabisa, "hicho cha Mbeya amekibeba mwenyewe. Damu haina upande."

Baba akainuka. Akafuta macho kwa pembe ya kanzu, akasema ile lenzi inaumiza macho. Daktari, ambaye sijui alielewa kiasi gani, akampa mkono.

 

Tulipofika nyumbani alifungua stoo, akasimama katikati ya magunia yaliyobaki. Kisha akaita vijana, yakahamishwa yote siku ile ile kwenda kwenye ghala la mfanyabiashara mwingine, ng'ambo ya soko. Kazi ya kukusanya pareto akamwachia huyo huyo. Hakuomba hata ashirikishwe.

Godoro langu lilichomwa. Kuta zikasiribwa upya, na mama akazoa ule unga wote chini ya vitanda akaufukia mbali.

Nisiwafiche, tulirudi chini. Baba alihamia kwenye vitunguu, akawa anakwenda kuvichukua Ilula, na vitunguu havikumpa kile pareto ilichompa. Zile kanga za mama hazikuongezeka. Wenzake barazani walimcheka waziwazi, kwamba mwanaume mzima kaacha riziki kwa sababu ya mtoto wa kike ambaye ataondoka kwenda kwa watu.

Nilikuwa nyuma ya pazia nikiwapelekea kahawa. Nilisikia alivyojibu.

Alisema, "Pareto inachanua kila mwaka. Mwanangu hachanui mara mbili."

Wakanywa kahawa yao.

Nilitazamwa damu tena baada ya muda, naishi nyumba ile ile, chumba kile kile. Wale askari wekundu walikuwa wamepungua, wanatafutwa kama walivyotafutwa Mbeya. Daktari akawaita wauguzi waje waone vioo vyote vitatu kwa mpangilio. Nilisimama pembeni nimevaa gauni langu la Idi, nikijiona kama nimefaulu mtihani. Mama siku hiyo alichukua kile kikombe cha kijani, akakirudisha pamoja na vingine, akanywea chai yeye mwenyewe.

Sasa ikaja habari ya posa.

Wengi walimshauri baba anyamaze. Mtoto amepona, mpeleke, watajua wenyewe huko mbele. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika, na ninadhani bado inafanyika.

Baba alikataa. Tulipokwenda Mbeya kukaa na upande wa Idrisa, nyumbani kwa shangazi, wanaume barazani na sisi ndani tukisikiliza, baba aliongea kabla hata ya maji kunywewa. Alisema binti yake ana pumu. Hana kifua kikuu, amepimwa makohozi na damu, na yeye baba ameona kwa jicho lake. Akasema pumu haiishi, inatunzwa. Mahali penye pareto asikae, kwenye moshi asifungiwe, akibanwa apelekwe hospitali na siyo kwenye blanketi. Mkimtaka hivyo, mchukueni. Msipomtaka, tutakula pilau tutaondoka tukiwa ndugu.

 Mama mdogo wa Idrisa, yule aliyeondoka bila kuaga, alikuwa ameketi karibu yangu ndani. Nilimwona akiinamisha uso.

Kwa desturi mposaji hasemi kwenye kikao kama kile. Wapo wazee wake. Lakini Idrisa aliomba ruhusa kwa baba yake mkubwa, akasema neno moja tu, kwamba yeye ni fundi cherehani, hana shamba la pareto na hana mpango nalo.

Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichofunga ndoa yangu.

Niliolewa mwaka huo huo, nikahamia Mbeya, na sijahama mpaka leo.

Sikupona pumu, nisiwadanganye. Miezi ya baridi kali ilikuwa inanisumbua. Nilikuwa na vidonge vyangu, na Idrisa alijifunza kusikiliza kifua changu kuliko alivyosikiliza cherehani. Nikihisi mambo yanaharibika nilikwenda kutazamwa, damu pia, na mara nyingi ile damu ilikuwa inatuambia mapema kwamba nimelegea mahali. Nimezaa watoto sita. Nimewalea wote.

Mwaka wa kwanza nilipojifungua, baba alikuja kutoka Iringa kumwona mjukuu. Nyumba yetu ilikuwa juu, bomba liko chini bondeni. Asubuhi nikambeba mtoto mgongoni, nikachukua ndoo, baba akasema ananisindikiza atazame mji.

Tulishuka tukiongea. Nikajaza, nikajitwika, tukaanza kupanda.

Katikati ya mlima nikaona naongea peke yangu. Nikageuka. Mzee Feruzi amesimama chini kule, mkono kiunoni, anahema, kofia kaishika mkononi. Mimi na ndoo kichwani na mtoto mgongoni namngoja.

Alinitazama kwa muda. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka wanawake waliokuwa bombani wakageuka. Akawaambia kwa sauti, kwa watu asiowajua kabisa, "Mnamwona yule? Yule ni binti yangu."

Basi. Nimepewa sifa nyingine maishani, lakini hiyo ndiyo ninayoitunza.

Nilichojifunza, wakuu, nawapa bure. Pumu unaisikia kifuani, lakini moto wake unaweza kuonekana kwenye damu, na kipimo hicho kinasaidia daktari kujua kama njia zako za hewa zimetulia au zimechokozwa. Hakitoshi peke yake, hata minyoo inapandisha zile chembe, kwa hiyo usijisomee karatasi ukajitibu. Kaa na mtaalamu. Halafu chunguza unapolala, unacholalia, na kinachokaa upande wa pili wa ukuta wako. Na mzazi ukiambiwa ukweli kuhusu mwanao, hata kama ukweli huo unakula biashara yako, kaa kwenye kiti uutazame kwa jicho lako.

Wenye pumu, mwenye mzazi au mtoto mwenye pumu, na hasa kama kuna mtu wa Iringa au Mbeya ambaye wazee wake walilima au walikausha pareto na vifua vikawasumbua, andikeni hapa chini nisome. Nachelewa kujibu kwa sababu ya kidole kimoja, ila nitawajibu wote.